Shajara ya mradi: kuunganisha mzunguko wa kujifunza kwa tajriba na usimamizi wa ubora

Tarehe 9 Januari: mahali pa kuanzia

Mradi huu umetokana na rundo la karatasi. Nasimamia ubora katika taasisi inayopokea na kutathmini maombi, na kwetu kila kasoro inayogunduliwa huandikiwa ripoti ya hatua ya kurekebisha. Mwishoni mwa mwaka niliketi nikasoma ripoti zote 40 za miezi kumi na miwili mfululizo, moja baada ya nyingine, kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya kabla. Katika ripoti 27, dawa iliyoandikwa ilikuwa kuwakumbusha wafanyakazi au kuwapa mafunzo. Ni ripoti 3 tu zilizosema mapema badiliko gani lilitarajiwa kuonekana, na lini. Kasoro ya majalada kurudishwa mapokezi kutoka kitengo cha tathmini kwa sababu ya taarifa zenye makosa ilijitokeza mara 9 kwa maneno yanayotofautiana kidogo, na mara zote 9 ilifungwa kwa saini kwamba imekwisha.

Kwa hiyo tulikuwa na mzunguko wa ubora ulioandikwa vizuri katika mwongozo, lakini hatukuwa tukijifunza. Swali la mradi ni hili: je, nadharia ya kujifunza kwa tajriba, kama David Kolb, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alivyoieleza katika kitabu chake cha 1984, inaweza kutupatia kinachokosekana ndani ya mzunguko wa kupanga, kutenda, kuchunguza na kuchukua hatua, tuliourithi kutoka kwa Walter Shewhart na W. Edwards Deming, Wamarekani waliojenga misingi ya usimamizi wa ubora kwa takwimu? Nitafuatilia kipimo kimoja, yaani idadi ya majalada yanayorudishwa kila wiki, kuanzia leo. Gharama nitaihesabu kwa saa za watu, kwa kuwa hizo ndizo tulizokuwa tukizitumia bila kuziandika popote.

Neno moja kuhusu istilahi kabla sijaendelea. Nimechagua kusema tajriba badala ya uzoefu, na si kwa kupenda ufasaha. Uzoefu umetoka katika kuzoea, na aliyezoea jambo mara nyingi ndiye ambaye halioni tena. Tajriba ina shina moja na kujaribu na jaribio. Anayeitumia amekwisha kusema kwamba kupitia jambo na kulijaribu vinakwenda pamoja, na hilo ndilo ninalotaka kulifanyia kazi.

Tarehe 30 Januari: mchoro wa kwanza umeshindwa

Nilianza kwa njia ambayo nadhani wengi wangeianza. Kolb ana hatua nne: tajriba halisi, kutazama kwa kutafakari, kuunda dhana, na kujaribu kwa vitendo. Deming naye ana nne. Nikachora duara moja juu ya jingine, nikaoanisha kutenda na tajriba halisi, kuchunguza na kutafakari, kuchukua hatua na kuunda dhana, kupanga na kujaribu. Mchoro ulipendeza. Niliuwasilisha kwa wakuu wa vitengo vinne, na baadaye kwa wafanyakazi tisa wa mapokezi na tathmini ambao watashiriki katika majaribio.

Swali la kwanza kutoka mapokezi liliuvunja. Mwenzetu mmoja aliuliza, "Kama kuchukua hatua ndiko kuunda dhana, mbona anayechukua hatua ni mkuu wa idara, na dhana ninayo mimi niliyeshika jalada?" Sikuwa na jibu siku ile. Nilipokaa nalo nikaona kwamba mchoro wangu ulikuwa umeficha tofauti mbili kubwa.

Ya kwanza ni kwamba kuchukua hatua, katika maana ya Deming, ni uamuzi wa kulipokea badiliko, kuliacha, au kuurudia mzunguko katika mazingira tofauti. Uamuzi huo unahitaji mamlaka. Mzunguko wa Kolb unamhusu mtu anayejifunza, nao hausemi nani ana ruhusa ya kubadilisha utaratibu wa ofisi. Ya pili ni kwamba hatua ya kuunda dhana, yaani kusema kwa maneno tunadhani jambo hili linatokea kwa sababu gani, haina chumba chake ndani ya fomu za ubora ninazozifahamu. Huwa imefichwa mahali fulani kati ya kuchunguza na kupanga upya, na kwa kuwa fomu haiiulizi, watu wanairuka. Ndivyo ripoti 27 zilivyofika kwenye mafunzo: kasoro imeonekana, dawa imeandikwa, na hapo katikati hakuna nadharia yoyote.

Gharama ya hatua hii ni saa 31, zikiwemo za mikutano miwili. Ningemshauri anayetaka kufuata njia hii asianze na mchoro wa maduara yanayolaliana, kwa sababu unamfanya kila mtu akubali kabla hajaelewa.

Tarehe 13 Februari: kurudi kwenye shina

Nimetumia saa 14 kusoma, na ingawa si desturi ya shajara ya kazi kueleza historia, sehemu hii imebadilisha fomu yetu, hivyo naiandika.

Shewhart, aliyeandika waraka wenye chati ya kwanza ya udhibiti (mchoro wa matokeo wenye mipaka inayoonyesha kupanda na kushuka kwa kawaida) tarehe 16 Mei 1924 akiwa mhandisi upande wa kampuni za Bell nchini Marekani, alirudi mwaka 1939 na kitabu kilichohaririwa na Deming. Humo alichukua hatua tatu za kiwandani, yaani kuainisha, kuzalisha na kukagua, akasema zisiwekwe katika mstari ulionyooka bali katika duara, na akazilinganisha na hatua za sayansi: kuweka dhana tete (kisio linalosubiri kupimwa), kufanya jaribio, na kuipima dhana ile. Kwa Shewhart na Deming, msukumo wa kifalsafa ulitoka kwa Clarence Irving Lewis, mwanafalsafa wa upragmatisti (falsafa inayopima wazo kwa matokeo yake katika vitendo), aliyesisitiza kwamba maarifa yoyote yana utabiri ndani yake. Kolb kwa upande wake alijenga juu ya John Dewey, Kurt Lewin na Jean Piaget. Dewey alikuwa mpragmatisti pia, na Lewin, katika makala yake ya 1946 kuhusu utafiti tendaji, alieleza msururu wa kupanga, kutenda na kutafuta ukweli kuhusu matokeo ya kitendo.

Mizunguko hii miwili, basi, ni ndugu wa ukoo mmoja waliolelewa katika nyumba mbili. Mmoja alilelewa kiwandani, akajifunza kuhesabu na kutambua tofauti za kawaida. Mwingine alilelewa katika elimu, akajifunza kumsikiliza mtu anayepitia jambo. Hapo ndipo ninapoona kazi ya mradi: kila mmoja anakosa kile ambacho mwenzake anacho. Ndiyo sababu pia Deming, miaka mingi baada ya mihadhara yake ya 1950 nchini Japani, alisisitiza kwamba hatua ya tatu iitwe kuchunguza na si kukagua tu. Kukagua kunauliza kama kazi imefanyika kama ilivyopangwa. Kuchunguza kunauliza kama tulichoamini ni kweli.

Katika nadharia ya Kolb nimeiacha sehemu moja kwa makusudi, nayo ni ile ya kuwagawa watu kwa mitindo ya kujifunza. Tathmini ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka 2008 na Harold Pashler na wenzake haikukuta ushahidi wa kutosha wa kufundisha watu kwa kufuata mitindo yao, na sioni sababu ya kumbandika mfanyakazi jina ambalo halitamsaidia.

Tarehe 3 Aprili: vikao vya kutafakari, na kosa kubwa kuliko yote

Tangu tarehe 20 Februari tumefanya vikao saba vya kutafakari, kila Ijumaa, saa moja kila kimoja, watu tisa. Niliviandaa kwa kumfuata Kolb: wiki imekuwaje, tumeona nini, tunadhani kwa nini, wiki ijayo tujaribu nini. Hii ndiyo hesabu ya majalada yaliyorudishwa katika wiki 12 tangu mradi uanze: 14, 17, 11, 16, 13, 18, 12, 15, 17, 13, 16, 12.

Kikao cha kwanza kilifuata wiki ya majalada 18. Watu walizungumza kwa uchungu na kwa ukweli, wakakubaliana kwamba kila jalada lisomwe na watu wawili kabla halijapelekwa tathmini. Wiki iliyofuata yakarudi 12, yaani upungufu wa theluthi moja, na nikaandika katika daftari langu kwamba kutafakari kunafanya kazi. Yalipopanda hadi 15, kisha 17, tukakaa tena, tukapata sababu nyingine, tukabadilisha mpangilio wa zamu. Yakashuka hadi 13, tukapongezana. Kwa wiki saba tulibadilisha utaratibu mara nne, na kila badiliko lilikuwa na maelezo ya kuridhisha yaliyotoka katika tajriba ya kweli ya watu wa kweli.

Kisha nikafanya kile nilichopaswa kukifanya kabla ya kikao cha kwanza: nikachora chati ya udhibiti. Wastani wa wiki 12 ni 14.5. Tofauti kati ya wiki moja na inayoifuata, zikijumlishwa na kugawanywa kwa 11, zinatoa wastani wa 4.0. Ukizidisha 4.0 kwa 2.66, ambacho ni kizidisho cha kawaida kwa chati ya aina hii, unapata 10.64, na kwa hiyo mipaka ni 25.1 juu na 3.9 chini. Hakuna wiki hata moja iliyokaribia mpaka. Wiki ya 18 haikuwa tukio. Wiki ya 12 haikuwa mafanikio. Wastani wa wiki sita zilizotangulia vikao ni 14.8, na wa wiki sita zilizofuata ni 14.2. Mfumo ule ule ulikuwa ukitoa matokeo yake ya kawaida, nasi tulikuwa tukiyatungia hadithi kila Ijumaa.

Deming alilionyesha kosa hili kwa jaribio la faneli. Gololi inaangushwa kupitia faneli iliyoelekezwa kwenye alama. Ukiiacha faneli mahali pake, gololi zinatawanyika kiasi fulani kuizunguka alama. Ukiisogeza faneli baada ya kila gololi ili kufidia kosa lililotokea punde, mtawanyiko hauponi: kipimo cha kutawanyika ambacho wanatakwimu hukiita varianzi kinakuwa mara mbili. Anayeisogeza ana nia njema na anaona kwa macho yake, lakini anajibu bahati kana kwamba ni sababu.

Hili ndilo jambo muhimu zaidi nililolipata hadi sasa, na nataka liwe wazi kwa atakayenakili kazi hii. Mzunguko wa Kolb unaanza na tajriba halisi, lakini hauna chombo cha kumwambia mtu kama tajriba aliyoipitia ni ishara au ni mtikisiko wa kawaida wa mfumo. Ukiupeleka kazini bila chati, unazalisha mafunzo ya uongo kwa kasi, na watu wanayaamini zaidi kwa sababu wameyapitia wenyewe. Tafakuri ya tukio moja moja inafaa pale tu chati inapoonyesha sababu maalumu, yaani jambo lililo nje ya mtikisiko wa kawaida. Pasipo ishara hiyo, kinachopaswa kutafakariwa ni mfumo wote, kwa data ya wiki nyingi pamoja.

Gharama: saa 63 za vikao, mabadiliko manne ya utaratibu, na imani ya watu tuliowaambia mara mbili kwamba tumefaulu. Tumeyafuta mabadiliko yote manne na kurudi katika utaratibu wa awali ili tupate mahali pa kusimama.

Tarehe 24 Aprili: maandishi yaliyokauka

Kosa la pili ni langu peke yangu. Nilipobuni fomu mpya niliweka nafasi ya tafakuri chini ya fomu ya kasoro, ili kumbukumbu zote zikae pamoja. Kwa majuma matatu nafasi hiyo ilijazwa maneno kama "nitaongeza umakini" na "nimejifunza kuwa mwangalifu". Nilidhani watu hawajui kutafakari, nikaandaa somo la saa moja kuhusu namna ya kutafakari.

Mwishoni mwa somo mmoja wa wasajili alinisubiri hadi wenzake wametoka, akaniambia kwa upole kwamba fomu ya kasoro huingizwa katika faili analosoma msimamizi wakati wa tathmini ya mwaka ya utendaji. Nilikuwa nimewaomba watu waandike wazi walivyokosea, kwenye karatasi itakayotumika kuwapima. Deming aliliweka suala la kuondoa hofu miongoni mwa hoja zake 14 kwa menejimenti, nami nilikuwa nimeisoma hoja hiyo mara nyingi bila kuona kwamba fomu yangu inaivunja. Niliwaomba radhi wote tisa katika kikao kilichofuata, na sikuona kwamba kufanya hivyo kulinipunguzia chochote.

Suluhisho lilikuwa kutenganisha. Fomu ya kasoro imebaki na ukweli wa tukio. Tafakuri imehamia daftari la kitengo, lisilo na majina, linalokaa kitengoni na lisiloingia katika faili la mtu yeyote. Mkuu wa idara alikubali kutia saini ahadi hiyo kwa maandishi, na nadhani saini ile ilifanya kazi kuliko somo langu. Wiki moja baadaye daftari lilikuwa na kurasa sita, na katika kurasa hizo lilitajwa jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ripoti yoyote kati ya zile 40: kwamba mapokezi na tathmini hawakubaliani maana ya "tarehe ya kupokelewa". Sikulitilia maanani siku hiyo, na nimeliandika hapa kwa sababu ningepaswa kulitilia.

Tarehe 12 Juni: mzunguko wa kwanza wenye utabiri

Fomu mpya ina mistari mitano, na inaingia katika ukurasa mmoja. Inauliza tumeona nini na chati inasema nini. Tunadhani mfumo unafanya hivi kwa sababu gani. Tukibadilisha jambo gani tunatabiri namba gani, ifikapo tarehe gani. Matokeo yalitofautianaje na utabiri, na tofauti hiyo inaifanya nini nadharia yetu. Na mwisho, nani ameamua nini. Mstari wa pili ni chumba cha Kolb kilichokosekana. Wa tatu ndio kiungo cha mizunguko yote miwili, kwa sababu utabiri ulioandikwa ndio unaogeuza jaribio kuwa swali. Wa tano ni mamlaka, ambayo Kolb hakuihitaji lakini taasisi inaihitaji.

Nadharia yetu ya kwanza ilikuwa kwamba majalada yanarudishwa kwa sababu orodha ya ukaguzi iko mwisho wa fomu ya maombi, wakati mtu amekwisha kuchoka. Tulitabiri kwamba ikihamishiwa mwanzo, wastani utashuka hadi 9 au chini ya hapo ndani ya wiki sita. Tangu tarehe 1 Mei matokeo ni 15, 12, 16, 13, 14, 11, wastani wa 13.5. Utabiri umekosea, na namba zote ziko ndani ya mipaka ya zamani.

Nilihofia kikao cha matokeo, lakini kilikuwa bora kuliko vikao saba vya Ijumaa vikiwekwa pamoja. Kwa kuwa tulikuwa tumeandika namba, hakuna aliyeweza kusema kwamba hali imeboreka kidogo. Swali lililobaki lilikuwa: kama si orodha, ni nini? Hapo ndipo mtu mmoja alipouliza majalada hayo 81 yalirudishwa kwa makosa gani hasa, na ikatudhihirikia kwamba kwa miezi mitano tulihesabu majalada bila kuhesabu aina za makosa. Tuliyagawa alasiri ile ile. Majalada 38 kati ya 81 yalirudishwa kwa tarehe ya kupokelewa. Jambo lililokuwa katika daftari tangu Aprili lilikuwa karibu nusu ya kasoro zote.

Gharama: saa 22, zikiwemo 4 za kugawa majalada.

Tarehe 21 Agosti: mzunguko wa pili

Wafanyakazi wa mapokezi walikuwa wakiandika siku ambayo jalada limeingia mlangoni. Wale wa tathmini walikuwa wakihesabu kuanzia siku nyaraka zote zimekamilika. Hakuna upande uliokuwa umekosea, kwa sababu neno "kupokelewa" halikuwahi kuelezwa kwa namna ambayo watu wawili wakitazama jalada moja watatoa jibu moja. Hii ndiyo maana ya fasili tendaji, ambayo Deming aliisisitiza sana: dhana haina maana kazini mpaka iwe imefungwa kwenye kitendo cha kupima.

Lakini tulipouliza kwa nini kila upande uliishikilia tarehe yake, tulifika mahali ambapo fomu haikuwa imetuandaa. Kila kitengo kinapimwa kwa kasi yake chenyewe. Mapokezi wanaonekana wepesi tarehe ikiwa ya mlangoni na jalada likiondoka siku hiyo hiyo. Tathmini wanaonekana wepesi saa ikianza kuhesabiwa baadaye. Chris Argyris na Donald Schön, katika kazi yao ya 1978 kuhusu taasisi zinavyojifunza, walitofautisha kurekebisha kosa ndani ya kanuni zilizopo na kuzihoji kanuni zenyewe. Sisi tulikuwa katika la pili bila kukusudia. Kuandika fasili ilikuwa kazi ya nusu saa. Kumshawishi mkuu wa idara kwamba kipimo cha kasi kiwe kimoja kwa vitengo vyote viwili kulichukua wiki mbili na saa 11 za mazungumzo, na bila hatua hiyo naamini fasili ingepuuzwa baada ya mwezi.

Utabiri, ulioandikwa kabla ya tarehe 26 Juni, ulikuwa na sehemu mbili: kwamba makosa ya tarehe yatakaribia kuisha, hivyo wastani utakuwa kati ya 7 na 9, na kwamba makosa mengine hayatabadilika, kwa sababu hatujayagusa. Sehemu ya pili ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa kuwa ilitupa njia ya kujua kama tumefaulu kwa sababu tuliyoidhani au kwa nyingine.

Matokeo ya wiki nane: 9, 7, 10, 6, 9, 8, 5, 8. Jumla ni 62, wastani 7.75. Hakuna wiki iliyoshuka chini ya mpaka wa 3.9, lakini nukta nane mfululizo upande mmoja wa mstari wa wastani wa zamani ni ishara inayokubalika kwamba mfumo umebadilika. Makosa ya tarehe yalikuwa 4 tu. Mengine yalikuwa 58, yaani 7.25 kwa wiki, na katika wiki sita za mzunguko wa kwanza yalikuwa 43, yaani 7.17 kwa wiki. Hayakubadilika, kama tulivyosema. Tumechora mipaka mipya kuanzia wiki hizi nane.

Kwa taasisi zenye cheti cha ISO 9001 (kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora), toleo la 2015: kifungu cha 10.2 kinadai mapitio ya kama hatua ya kurekebisha imefaa, na mstari wa nne wa fomu yetu unatosheleza dai hilo bila karatasi ya ziada. Kifungu cha 7.1.6, kinachohusu maarifa ya taasisi, tunakijibu kwa daftari la kitengo.

Tarehe 9 Oktoba: kuhamishia kitengo cha pili

Tulitaka kitengo cha kumbukumbu kinufaike na yale yaliyotugharimu miezi minane. Niliwapa fomu, nikawapa mhadhara wa saa mbili wenye mfano wetu kamili, nikawaacha wafanye kazi. Baada ya wiki sita nilikuta fomu 11 zimejazwa kwa unadhifu. Mstari wa utabiri katika zote 11 ulikuwa na maneno yanayofanana: makosa yatapungua, ubora utaongezeka, huduma itaimarika. Hakuna namba, hakuna tarehe, na kwa hiyo hakuna kinachoweza kukosea.

Nilikuwa nimefundisha kujifunza kwa tajriba kwa njia ya mhadhara. Fomu kwetu ilikuwa imebeba aibu ya vikao saba vya Ijumaa na mshangao wa utabiri uliokosea, na kwao ilikuwa karatasi nyingine ya kujaza.

Tumeanza upya na jaribio la shanga nyekundu la Deming. Shanga 4,000 zimechanganywa, 800 kati yake nyekundu, na kila mfanyakazi anachota 50 kwa kisahani chenye matundu akijitahidi kupata nyeupe tu. Niliigiza msimamizi. Nilimsifu aliyepata nyekundu 6, nikamwonya aliyepata 13, na duru iliyofuata wa kwanza akapata 11 na wa pili 8. Mkuu wa kitengo alikuwa akiandika namba ubaoni, na katikati ya duru ya tatu aliacha kuandika akanitazama. Kisha akasema mbele ya watu wake kwamba mwezi uliopita alimwandikia mtu barua ya onyo kwa tofauti ndogo kuliko ile. Zoezi zima, pamoja na mazungumzo, lilichukua saa tatu. Siku ile ile waliomba data yao ya wiki 15 zilizopita ili wachore chati.

Gharama ya jaribio lililoshindwa: saa 26. Gharama ya kuanza upya hadi sasa: saa 30.

Tarehe 20 Novemba: hali ilivyo

Kitengo cha kumbukumbu kimekamilisha mzunguko wake wa kwanza. Walitabiri kwamba majalada yasiyopatikana ndani ya siku moja yatashuka kutoka wastani wa 6 kwa wiki hadi 3, kwa kubadilisha mpangilio wa rafu. Yameshuka hadi 5, ndani ya mipaka ya zamani, na wameandika wenyewe kwamba nadharia ya rafu haikusimama. Katika daftari lao kuna ukurasa mzima kuhusu majalada yanayoazimwa na kurudishwa bila kuandikwa. Hawakuniuliza wafanye nini. Wameanza kuyahesabu.

Kwetu, makosa 7 kwa wiki yaliyobaki yamegawanywa katika aina tano, na kubwa kuliko zote ni viambatisho visivyosomeka. Barua ya onyo aliyoitaja mkuu wa kitengo imeondolewa kwenye faili la mhusika. Ingizo lijalo litaandikwa mzunguko wa tatu utakapofungwa, na utabiri wake umekwisha kuandikwa: viambatisho visivyosomeka visizidi 1 kwa wiki kufikia mwisho wa Januari, na aina nne nyingine zibaki zilivyo.